Asali ya Adhuhuri

Biharamulo Mjini,
27 Januari 2025

Kwa Muuguzi Jovina Leonidas,

Mimi ni mama yake Haji, na Haji ni mume wa Shamsia, yule uliyemkalisha kwenye benchi la kliniki hapa mjini asubuhi nzima bila hata chai. Hatujuani. Namba yako ya simu nimepewa lakini sitaipiga, kwa sababu ugomvi wa kwenye simu mtu hukata akajidai mtandao umepotea. Barua haikatiki. Isome mpaka mwisho.

Shamsia alitoka kwangu mzima. Mimba yake ina miezi sita, amenawiri, kila anayemwona anasema mashaallah. Karudi na plasta mkononi, anasema ana kisukari. Nikamuuliza, wamejuaje? Akasema wamenitoa damu, wakaninywesha maji ya sukari glasi nzima, wakanitoa damu tena na tena. Sasa muuguzi, wewe umesoma, mimi nimeishia darasa la saba na chuo cha Kurani. Hebu nifahamishe. Ukimnywesha mtu maji ya sukari, halafu ukaenda kutafuta kwenye damu yake, ulitegemea kukuta chumvi?

Kisukari ni maradhi ya wazee na matajiri. Shamsia ni binti mdogo, na mumewe anauza vipuri vya malori pale Lusahunga. Mmempa na karatasi ya kumkataza maandazi, soda, juisi, hata wali apunguze. Mtoto atakula nini? Mwaka juzi binti huyu alipoteza mtoto siku zake zimetimia. Wa kiume, mkubwa, mzuri, amekamilika kila kitu ila pumzi. Nilimwosha mimi. Hamtanizikisha tena kwa njaa.

Nataka jina lake litoke kwenye huo utafiti wenu. Na nakuarifu mapema, usije ukasema nimekusengenya: Jumamosi kuna harusi hapa mjini, wanawake wote watakuwepo, na mimi nitasema.

Mwanaisha binti Abdulkadiri


Nyakisasa, Ngara,
3 Februari 2025

Shikamoo Mama Haji,

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho. Imeletwa na Venance, dereva wa gari la maharage, aliyesema hukumwacha aondoke mpaka umeiona imeingia mfukoni.

Nianze na nisichokiweza. Habari za mama yeyote aliyekuja kwetu siwezi kuzizungumza na mtu mwingine, hata kama ndiye anayeishi naye. Na jina la mama haliondoki kwenye utafiti kwa amri ya mkwe, ya mume wala ya mwenyekiti wa kijiji. Huondoka kwa kauli yake mwenyewe. Siku akitamka, linaondoka siku hiyo hiyo, na huduma ya kliniki anaendelea kuipata kama kawaida.

Ninachokiweza ni kujibu swali lako, maana ni swali la mtu anayefikiri. Damu ya kwanza tunaichukua kabla ya maji ya sukari. Kisha mama anakunywa, na hapo sukari hupanda kwa kila binadamu, uko sahihi. Tunachongojea ni kuona kama itashuka. Kwa wengi hushuka. Kwa wengine inabaki juu, kwa sababu kondo la nyuma, wakati linamlea mtoto, linauzuia mwili wa mama kuitumia sukari inavyopaswa. Hakuna uzee wala utajiri ndani yake. Nimewakuta na kisukari hiki wasichana wa Bisibo wanaoshika jembe tangu alfajiri.

Sukari iliyobaki juu inavuka kwenda kwa mtoto. Mtoto anakula kuliko haja yake. Anakuwa mkubwa, mzuri wa kutazama, na ndani yake anachoka. Mama, ukubwa wa mtoto si afya yake siku zote. Nisamehe kwa kukuandikia hili baada ya kusoma habari za mjukuu wako.

Ndicho tunachokitafuta Ngara na Biharamulo: ni wanawake wangapi wanatembea na hali hii bila kujua, maana mara nyingi haina dalili, na kama tukiwawahi, watoto wao watazaliwa salama. Mwenzangu Agness yuko hapo mjini, mimi kuanzia mwezi huu nashika vijiji vya huku kwetu.

Jumamosi imeshapita. Sijui ulisema nini.

Wako katika kazi,
Jovina Leonidas


Lusahunga,
10 Februari 2025

Dada Jovina,

Nakuandikia kwa sababu simu yangu humu ndani ni ya wote. Haji anapokea, mama mkwe anapokea, hata wateja wa vipuri wanapokea. Karatasi naikunja naiweka kifuani.

Mama amehamia kwetu. Alikuja baada ya harusi na gunia la mchele, dumu la asali na tende, akasema hatoki mpaka nijifungue. Dada, ananipenda kweli. Nikikohoa anaamka. Ndiyo maana inaniwia vigumu. Mtu anayekuchukia ukimdanganya huumii.

Harusini alisema. Nilikuwa nimekaa nyuma ya bibi harusi, natamani sakafu inimeze. Alisema wajawazito wanatolewa damu ovyo na kushindishwa njaa, na kwamba mkwe wake hatarudi tena. Wanawake wakaitikia. Nasikia kliniki iliyofuata Agness alikaa na mabenchi matupu.

Yeye anaamini nimeacha. Haji naye anaamini nimeacha. Sijaacha. Ile mashine ya kupimia mliyonipa nimeificha kwenye debe la unga wa muhogo, kwa sababu mama hali ugali wa muhogo. Tende anazonipa nazifunga kwenye pindo la kanga nampa mbuzi wa jirani, na sasa mbuzi ananifuata barabarani kama mchumba. Jioni nasema naenda kutafuta mboga, natembea mpaka yanakoegeshwa malori yaendayo mpakani Rusumo, narudi.

Lakini kila asubuhi mashine inanionyesha namba za juu. Nimefanya yote uliyosema. Nimeanza kuogopa kwamba maneno ya watu tangu nimpoteze yule mtoto ni ya kweli, kwamba tumbo langu lina kitu.

Ukijibu usiandike kama muuguzi. Andika kama shoga yangu wa shule.

Shamsia


Nyakisasa,
15 Februari 2025

Shamsia shoga yangu,

Tumbo lako lina mtoto. Hakuna kingine humo.

Wako wanawake ambao kupunguza chakula na kutembea vinawatosha, na wako ambao havitoshi hata wajitahidi vipi. Si uvivu, na si laana. Nimezungumza na Dokta Ansbert, kiongozi wa utafiti wetu. Nenda kwa Agness wiki hii. Waambie nyumbani unakwenda kliniki ya kila mwezi, na hutakuwa umesema uongo. Atakuanzishia insulini, dawa ya sindano. Utajichoma mwenyewe pajani. Sindano yake ni fupi, wengi wanasema kung'atwa na siafu kunauma zaidi. Mtoto haimdhuru.

Sasa nisikilize vizuri. Ukishachoma, lazima ule. Usichome ukaenda kutembea na tumbo tupu. Sukari ikishuka mno utatetemeka, utatokwa na jasho la baridi, utaanguka, na hiyo huua haraka kuliko ile ya kupanda. Kwa hiyo kwenye habari ya debe la unga hatukubaliani tena. Mashine unaweza kuificha. Sindano, hapana. Mtu mmoja wa nyumba hiyo lazima ajue. Mwambie Haji.

Na Ramadhani inakaribia. Mwaka huu hufungi. Najua hilo halitafichika jikoni, na ndiyo maana nakwambia mapema ulitafutie maneno.

Jovina


Lusahunga,
24 Februari 2025

Muuguzi Jovina,

Leo sina salamu ndefu.

Jana adhuhuri nilikuwa nachagua mchele uani. Shamsia akatoka chumbani, akaegemea mlango, akasema, "Mama, mbona kuna giza?" Jua linawaka! Uso umelowa, midomo imepauka, magoti yanagongana. Akakaa chini pale pale. Haji yuko dukani. Sikujua la kufanya, nikafanya ambalo ningemfanyia mtu yeyote aliyeishiwa nguvu: nilimwegemeza kifuani nikamlambisha asali. Akameza. Nikampa tena. Kijiko kilichofuata alikishika mwenyewe, na kidogo kidogo macho yakarudi.

Ndipo nikaona sindano kitandani. Yote yakatoka: mashine kwenye debe la unga, dawa imefungwa kwenye nailoni ndani ya mtungi wa maji ili ipoe, mbuzi wa jirani. Nilipiga kelele mpaka madereva wakaja kuchungulia. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Nilimwambia Haji, mama. Haji aliogopa kukwambia." Mwanangu wa kumzaa, na ndevu zake zote!

Nina maswali mawili. La kwanza: kama sukari ndiyo adui yake, kwa nini asali imemwinua?

La pili lisisomwe na mtu mwingine. Nilipokuwa namfokea nilimwambia, "Mtoto mkubwa ndiye mtoto! Mimi wangu wote walikuwa wakubwa." Akaniangalia, akauliza taratibu, "Wako wapi, mama?"

Yeye sikumjibu. Nakujibu wewe. Nimezaa mara tano. Haji alikuja kabla ya siku zake, mdogo kama paka, kila mtu akasema huyu hafiki arobaini. Ndiye aliyeishi. Wale wengine walitimiza siku, wakubwa, mashavu yamejaa kama watoto wa miezi mitatu. Wa kwanza alizaliwa hai, akatetemeka, akafa kabla ya alasiri. Wawili walinyamaza tumboni kabla ya uchungu. Wa mwisho kichwa kilitoka, mabega yakakwama, na mkunga alikuwa peke yake. Watu wa mume wangu wakasema nina jini anayekula watoto. Nilinywa makombe ya waganga, nikachanjwa, nikazungushiwa kuku. Mume wangu akaoa mwingine. Miaka thelathini sijayatamka haya. Haji hajui hata makaburi yalipo.

Niambie, muuguzi. Ilikuwa hii?

Mwanaisha


Nyakisasa,
28 Februari 2025

Shikamoo mama yangu,

Barua yako ilinikuta shambani kwa mama, tunapalilia maharage. Nilikaa kwenye tuta nikaisoma, na mama yangu akaacha jembe akaja kukaa nami bila kuuliza. Sikumwambia kitu. Siri yako iko kwangu.

Asali kwanza. Sindano inashusha sukari. Shamsia alichoma, akachelewa kula, ikashuka kupita kiasi. Asali iliipandisha. Adui wa Shamsia si sukari peke yake, ni kukosa kipimo, juu na chini. Ulifanya kile ambacho mimi mwenyewe ningekifanya. Bila wewe pale uani, leo tungekuwa tunaandikiana barua nyingine kabisa.

La pili. Siwezi kuapa, kwa sababu hukupimwa, na asiyepimwa mtu hawezi kumwambia kwa hakika. Lakini nimewapokea kwa mikono hii watoto wa namna hiyo, wazito, wenye mashavu, wasiolia. Mkubwa anayenyamaza tumboni siku zikiwa zimetimia. Anayezaliwa hai akatetemeka, maana sukari yake imeporomoka ghafla baada ya kukatwa kitovu. Anayekwama mabega. Na yule aliyewahi, mdogo, akaishi. Ukiniuliza kama mkunga, naona ilikuwa hii.

Hukumla mtu, mama. Uliwalisha. Uliwalisha mno, kwa damu yako mwenyewe, bila kujua, na hapakuwa na mtu wa kukwambia.

Nina neno jingine. Mwanamke aliyewahi kubeba kisukari cha mimba anaweza kuja kukipata cha kudumu, hata miaka mingi baadaye. Siku Shamsia akienda kwa Agness, nenda naye ukapime. Nakuomba kama mtoto wako.

Jovina


Biharamulo Mjini,
19 Machi 2025

Dada Jovina,

Mbuzi amepoteza riziki yake. Mama ndiye anayepika na kupima sasa. Wali ananipakulia kiasi cha ngumi yangu, kunde na mchicha bila hesabu, sangara wa ziwani wa kuchemsha. Nikishachoma sindano anasimama mlangoni mpaka nimeze tonge la kwanza. Tumehamia kwake mjini, karibu na hospitali. Majirani waliponiona nakula mchana wa Ramadhani wakaanza kuguna. Mama akawatokea na mwiko mkononi: "Mungu amemruhusu. Nyinyi ni nani kumkatalia? Mungu si mkali kama majirani."

Naye amepima. Yake iko juu sana, dada, Agness aliipima tena asiamini. Kumbe ile kiu na ule moto wa nyayo anaoulalamikia kila siku ndio huo. Ameanza vidonge. Alipotoka mle ndani aliniambia tu, "Wewe utapona ukizaa. Mimi nimechelewa, lakini sijafa."

Ila nina la kukusimulia. Siku hiyo Agness alimwambia mambo ambayo wewe, najua, ulimficha. Kwamba tangu ile harusi wanawake wa mjini hawaji, na Dokta Ansbert amesema wasipopatikana kufikia mwisho wa mwezi, upande wa Biharamulo utafungwa, na majibu ya Ngara peke yake hayatatosha. Mama alisikiliza, hakujitetea. Alhamisi alasiri akavaa baibui lake zuri, akaniambia, "Vaa. Tunakwenda darasani."

Darasa la wanawake la Ramadhani unalijua, watu walijaa mpaka kizingitini. Mwalimu alipomaliza, mama akasimama. Alisema:

"Mwezi uliopita nilisimama kwenye harusi nikawaambia msiende kupima. Mkanisikia. Leo nisikilizeni tena."

Kisha akawasimulia watoto wake. Wote wanne, dada, mmoja baada ya mwingine, alivyokuwa na nywele, alivyokuwa na vidole. Hakulia. Bibi mmoja wa ukoo wa baba mkwe akajaribu kumkatiza, "Mwanaisha, hayo ya zamani yaache." Mama akageuka: "Mlisema ninawala. Mlisema mbele yangu na nyuma yangu. Sasa nasema mimi, nanyi mtakaa mnisikilize." Yule bibi akainama.

Akanivuta nisimame, akaweka mkono tumboni kwangu. "Huyu anachomwa sindano kila siku na mtoto anacheza. Mwenye mimba humu ndani, kliniki ni Jumatatu. Mwenye kuogopa sindano nitamshika mkono. Mwenye mume mkali anipe jina la mumewe."

Jumatatu mabenchi hayakutosha, wengine walikaa kwenye nyasi. Wakaja mpaka wa Bisibo kwa bodaboda, waislamu na wakristo. Mama alikaa mlangoni kwa Agness tangu asubuhi, anawaambia, "Kinyweni chote, msiteme, mimi mwenyewe nilikunywa." Hakunywa, dada. Yeye alichomwa kidole tu. Nilimwacha.

Haji alisikia habari za ndugu zake wale wanne akiwa dukani, kwa mteja ambaye mkewe alikuwa darasani. Akafunga duka akaja mjini. Aliingia akakaa sakafuni miguuni kwa mama, wakakaa hivyo mpaka wakati wa kufuturu.

Mtoto anapiga mateke ninapoandika.

Shamsia


Nyakisasa,
17 Aprili 2025

Mama Haji, shikamoo. Na Shamsia, na Haji, na yeyote atakayeifungua barua hii,

Mnara wa simu wa huku umekufa tangu mvua ya Ijumaa, na daraja dogo limechukuliwa na maji, siwezi kutoka na kuwaacha wajawazito wa huku bila mtu. Najua kwamba Shamsia alipangiwa kulazwa na kuanzishiwa uchungu wiki hii. Najua hilo tu. Tumewapokea watoto wengi na sijawahi kushindwa kula kwa sababu ya mmoja.

Venance anavuka kwa miguu na kuchukua gari ng'ambo. Nimemwambia asirudi bila jibu. Hata neno moja.

Jovina


Biharamulo Mjini,
20 Aprili 2025

Binti yangu Jovina,

Kula. Wote wawili wazima.

Sasa nikusimulie, Venance atasubiri, nimempa chai.

Walimlaza Jumatano, wakamwanzishia uchungu. Ukachelewa, ukaja, ukasimama. Dokta Ansbert akasema ukiendelea hivi atapasuliwa, nani atatia saini? Haji akasema, "Mimi, lete." Mwanangu ambaye hata jino hakutaka kung'olewa! Lakini haikufika huko. Alhamisi alfajiri uchungu ukarudi kwa nguvu zake zote. Agness aliniruhusu niingie nimshike Shamsia mkono, maana alikuwa ananiita mimi, hamwiti mama yake.

Jovina, kichwa kilipotoka nilifumba macho. Pale ndipo nilipompoteza wangu wa mwisho. Nilikuwa nimesimama kwenye chumba hiki na nimelala kwenye kile cha zamani, vyote pamoja, nasikia sauti ya yule mkunga akisema hapiti, hapiti. Nikaanza kusoma ninachokijua. Shamsia ananiminya vidole. Kisha nikasikia Agness, "Bibi, fumbua macho."

Nikafumbua. Mabega yalikuwa yamekwisha kupita. Mtoto yuko kwenye kanga.

Akanyamaza. Agness akamsugua mgongo, mara moja, mara ya pili, na yule mtoto akatoa sauti, wallahi, kama honi ya lori la Rusumo. Wa kike. Kilo tatu na robo, si mkubwa wa kutisha watu, si mdogo. Mashavu ya kawaida. Sijaona mashavu mazuri kama hayo.

Wakamchoma kisigino wapime sukari yake. Imeshuka kidogo, akasema Agness. Nikahisi yule wangu wa kwanza anatetemeka mikononi mwangu. Mimi nilikuwa na tende mfukoni ya kumgusisha ulimi, kama ada yetu. Nikaishika. Halafu nikauliza kwanza. Umesikia? Mimi, niliuliza kwanza. Agness akasema, "Ziwa la mama kwanza, bibi." Likawa ziwa kwanza. Alinyonya kama aliyekuwa anamdai. Wakampima tena, imepanda. Wakapima tena, imetulia.

Ndipo nikapiga vigelegele. Vikapokelewa na wodi nzima, wazazi wa kushoto na wa kulia, na mfagiaji, na watu wa nje wasiojua hata tunashangilia nini. Nasikia Haji alimkumbatia mlinzi wa geti.

Jina baba yake atalitoa siku ya saba.

Mwanaisha


Nyakisasa,
21 Juni 2025

Shikamoo Mama Haji,

Nimerudi jana kutoka Bukoba. Dokta Ansbert alisema majibu nitayasoma mimi, kwa sababu wanawake wengi zaidi wamepita mikononi mwangu na mwa Agness kuliko mwake. Nilisimama mbele ya madaktari na wakuu wa vituo nikiwa na gauni la kushonesha Ngara mjini, nasoma kwa sauti ya chini, mpaka nilipofika kwenye sehemu ya Biharamulo. Hapo sauti ikanirudia.

Kila mwanamke tuliyemhitaji alipatikana, na zaidi. Tuliowakuta na kisukari cha mimba ni wengi kuliko tulivyobashiri, na wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Kati ya waliotibiwa, mama, hakuna hata mmoja aliyezika mtoto. Niliisoma sentensi hiyo pale mbele yao. Mzee mmoja wa mbele akasema, "Isome tena." Nikaisoma tena.

Vituo vyote tulivyofanyia kazi, vya Ngara na vya Biharamulo, vimekubali kuendelea kumpima kila mjamzito, utafiti ukiisha au usiishe. Kuna aliyeuliza tuliwezaje kuwarudisha wanawake wa mjini waliokuwa wamekataa. Sikutaja jina lako, sina ruhusa yako. Nilisema, mama mmoja alisimama.

Shamsia ameniandikia kwamba amepimwa tena baada ya kujifungua na sukari yake imerudi mahali pake. Mwambie asisahau kupima kila mwaka. Na wewe vidonge vyako usiruke.

Jovina


Biharamulo Mjini,
29 Juni 2025

Binti yangu Jovina,

Vidonge siruki. Shamsia ananisimamia mlangoni mpaka nimeze, ananilipizia.

Jina langu litaje popote unapotaka.

Ijumaa baada ya swala nilimwambia Haji, "Mbebe mwanao, twende." Hakuuliza wapi. Shamsia akafuata. Tukaenda makaburini, kule mwisho kwenye michongoma, ambako watu wa mume wangu walichagua wawekwe, mbali na wengine. Mawe hayana maandishi, lakini niliyajua. Nikamwonyesha. Nikamwambia, huyu kakako. Huyu dadako, alikuwa na nywele mpaka shingoni. Huyu dadako mwingine. Huyu ni mdogo wako wa mwisho.

Haji akauliza, "Ulikuwa unakuja peke yako, mama?"

Nikamwambia, "Nilikuwa siji kabisa. Nilikuwa naona haya mbele yao."

Akampa Shamsia mtoto, akaanza kung'oa majani kwa mikono, na suruali yake ya Ijumaa. Nami nikapiga magoti nikang'oa. Tulipofika kwenye kaburi la pili mjukuu wangu akaamka na njaa, akalia kwa ile sauti yake, watu wa barabarani wakageuka. Shamsia akamnyamazisha, akaona haya, mahali penyewe makaburini. Nikamwambia mwache. Mwache alie, wamsikie.

Kurudi tulipita barabara kubwa, siyo ya nyuma. Nilitangulia mimi.

Nina ombi moja. Tangu barua yako ya kwanza unaniita Mama Haji, na mji mzima unaniita hivyo, hamna kosa, hamkujua. Lakini Haji si mtoto wangu wa kwanza. Wa kwanza aliishi asubuhi moja, alifumbua macho akanitazama, na baba yake aliwahi kumpa jina kabla mtoto hajatutoka. Kuanzia sasa niandikie kwa jina lake.

Mama yako,
Mama Hatibu